Sahani Mbili za Mtoto Mmoja

Mtoto wangu wa kwanza alijifunza kula kwenye jiko la mwanamke mwingine. Nasema hivyo mapema ili msije mkadhani naandika kumsifu mtu. Wajukuu wananisikia nikisimulia mapishi ya zamani ya Kolwezi, uji wa ulezi, majani ya maboga, maharage ya kiangazi, wanatabasamu na kusema kwamba nilijaliwa jirani mwema. Jirani mwema! Mimi nilijaliwa kumtazama jirani huyo akimnenepesha mwanangu mbele ya macho yangu, na nilimwonea wivu mpaka mate yakawa machungu mdomoni.

Tulikaa kambini, katika nyumba za matofali za wafanyakazi wa mgodi, miaka ile ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji. Nyumba zilipangwa kwa mistari, kila moja na jiko lake dogo upande wa nyuma, na nyuma ya jiko kipande cha ardhi ambacho kila mtu alikifanya atakavyo. Changu nilikifagia. Nilitaka uwanja msafi usio na hata jani moja, kama tulivyofundishwa foyaa, ile nyumba ya mafunzo ya wake ambako watawa wa Kizungu walituonyesha kushona, kupiga pasi na kupika sosi nyeupe. Nilikuwa nimeletwa kutoka Kasai kwa treni ili niolewe, nikiwa na masanduku mawili na majivuno ya kutosha kujaza la tatu. Kila wiki mume wangu alipokea posho ya kampuni: unga mweupe wa mahindi, maharage, samaki wa chumvi, mawese, nyama kidogo. Bukari yangu, ndivyo tunavyouita ugali huku, ilikuwa nyeupe kuliko shuka zangu, na shuka zangu zilikuwa nyeupe kweli.

Jirani wa ukuta wa pili alikuwa mtu wa kaskazini, wa kule kwenye mabwawa ya Lualaba. Alinizidi umri, mrefu, mpole wa kuudhi, na hakuwa na mtoto. Mume wake na wangu walifanya kazi zamu moja kule mgodini Mutoshi, wakirudi pamoja wameshika baiskeli zao, vumbi limewafanya ndugu. Sisi wake tulisalimiana vizuri. Niliona ameacha magugu yamejaa nyuma ya jiko lake nikamhurumia, maana kwa macho yangu yale yalikuwa magugu.

Binti yangu alikuwa ameanza tu kutembea nilipojikuta mjamzito tena. Sasa kwetu Kasai, mwanamke anayenyonyesha akishika mimba, mtoto wa mgongoni anaachishwa ziwa papo hapo. Maziwa yale, walisema mama zetu, tayari yana mwenyewe, naye yuko tumboni. Na mtoto haachishwi mbele ya mama yake, kwa sababu ataliona ziwa na kulilia, na mama ataona huruma. Anapelekwa kwa bibi yake, akae huko, alie huko, ale huko mpaka asahau. Anaporudi ni mtu mzima wa kula bukari. Hivyo ndivyo nilivyoachishwa mimi, na ndugu zangu wote. Lakini bibi wa mwanangu alikuwa Kasai, mwisho wa safari ndefu ya treni, na mimi nilikuwa hapa na tumbo.

Mume wangu ndiye aliyetoa wazo, na hilo nalo nimemwekea kinyongo.

"Mama wa pembeni hana mutoto, iko na nafasi," akaniambia. "Mupeleke pale. Ni karibu, utamusikia."

Kumsikia! Mwanaume anaweza kusema neno kama hilo na akaendelea kunywa chai.

Nikampeleka asubuhi. Kwetu mtoto anayekwenda kuachishwa hupelekwa na chungu chake kidogo, ili chakula chake kipikwe peke yake, laini, bila pilipili za wakubwa. Nilikuwa nimekinunua chungu hicho kwa mama mmoja mfinyanzi. Jirani alimpokea mtoto kwa mkono mmoja na chungu kwa mkono wa pili, kisha akapiga magoti mlangoni kwake, macho yamejaa machozi.

"Aksanti, mama," akasema. "Unanipa na nyungu yake?"

"Na nyungu yake," nikajibu, maana ndiyo desturi.

Niliyaona yale machozi nikafikiri, masikini, hajazoea watoto. Nikarudi nyumbani nikajifunga kitambaa kifuani kukausha maziwa.

Siku za kwanza mtoto alilia, na mimi nilisimama nyuma ya jiko langu nimeziba mdomo kwa kanga. Nilitamani anyamaze. Halafu akanyamaza. Hapo ndipo nilipojua kwamba kilio kile kilikuwa changu, na kwamba sasa sina hata hicho. Kutoka upande wa pili nikasikia kicheko chake, kile cha kukatakata pumzi, ambacho nilidhani anakijua kwa ajili yangu tu. Nikaenda kuchungulia kwenye uwazi wa ua. Alikuwa amekaa chini, miguu mbele, na yule mwanamke anamlisha kwa vidole kitu cha rangi ya udongo.

Ilikuwa uji wa ulezi, mzito, na karanga zilizopondwa ndani yake. Baadaye niliujua uji ule vizuri. Siku ile nilinuna tu. Nikamwambia mume wangu mtoto wetu analishwa matope.

Ilikuwa kiangazi bado, ambacho Kolwezi huja na baridi inayopasua midomo, na kwenye uwanja wangu hapakuwa na kitu cha kijani. Nilifikiri wakati huo watu wote wanaishi kwa posho kama mimi. Yule mwanamke alikuwa na vikapu vyake vinaning'inia darini: majani ya maboga aliyoyachemsha kidogo na kuyakausha mwezi ambao yalikuwa mengi, uyoga mkavu, mbegu za maboga zilizokaangwa. Viazi vitamu alivifukia kwenye shimo la mchanga. Boga moja lilimtosha karibu wiki nzima. Nyama yake aliiponda na maharage, mbegu akazisaga ziwe mchuzi, na ganda akalitafutia kazi. Unga wake mweupe wa posho aliubadilishana na wanawake wenye fahari kama yangu, wakampa mahindi mazima, naye akayatwanga mwenyewe na kuyala na pumba zake. Bukari yake ilikuwa ya kahawia, yenye chengachenga, na harufu ya mahindi yaliyochomwa. Nilimcheka kwa hilo mbele ya wenzangu. Nilisema mama wa kaskazini anakula chakula cha kuku.

Mwanangu naye akala chakula cha kuku, akanenepa.

Bombani, mahali tulipochota maji wanawake wa mistari yote, sikuwa na raha tena. "Mama, mutoto yako ananona!" wakaniambia. "Ule mama anamukulishaka nini?" Niliwajibu kwamba damu ya kwetu ni ya kunona. Wakatazamana. Mimi mwenyewe wakati huo nilikuwa nimekonda shingo, tumbo mbele, miguu imevimba, na bukari yangu nyeupe ilinikaba kooni kama pamba.

Halafu ikaja siku ya mizani. Watoto wote wa kambi walipelekwa dispanseri kupimwa uzito, na yule mwanamke akaja na mwanangu mgongoni, amemfunga kwa kitenge chake cha sikukuu. Mimi nilikuwa nyuma kwenye mstari huo huo, nimekuja kwa ajili ya tumbo langu. Mtawa wa Kizungu aliyepima alimweka mwanangu kwenye mizani, akatazama, akamnyanyua juu ili akina mama wote wamwone. Akauliza kwa Kiswahili chake, "Nani mama ya huyu mutoto?"

Kama jirani angesema "ni mimi", ningemrukia, na ningekuwa na haki. Lakini aligeuka akanionyesha kwa kidevu.

"Mama yake njo ule, wa tumbo."

Macho yote yakanigeukia. Mtawa akaja, akanipa mkono, akanisifu, akanipa kipande cha sabuni ya kunukia iliyokuwa zawadi ya mama bora. Akaniuliza ninampa mtoto chakula gani ili wengine wasikie. Sikujua mwanangu alikula nini jana yake. Jirani akanisaidia kutoka kule mbele, kwa sauti ya chini, "Ulezi, na lengalenga, na kalanga," na mimi nikayarudia maneno yale moja moja mbele ya watu wote kama mtoto wa katekisimu. Sabuni ile niliifulia nguo za kazi za mume wangu, zile zenye mafuta na vumbi la shaba, nikaisugua kwa nguvu mpaka ikaisha. Sikutaka ikae nyumbani kwangu.

Mvua zilikuja, magugu ya jirani yakageuka kuwa karamu. Lengalenga, huo mchicha wa huku, ikaota kila mahali, matembele yakafunika ardhi, na juu ya kichuguu cha mchwa kilichokuwa nyuma ya jiko lake, ambacho kila mtu alimshauri akibomoe, maboga yalitambaa na kushuka upande wa pili. Alikuwa anachuma ncha tu za majani, zile changa, anavua nyuzi zake, anazipika muda mfupi na nyanya za mwituni. Mwanangu alikuwa anatembea nyuma yake na kikapu kidogo. Alikuwa anamwita mama. Mimi aliniita "mama ya tumbo", kama alivyosikia.

Nikajifungua mtoto wa kiume. Nilipopata nguvu, nilivaa vizuri, nikachukua kitenge kipya kumpelekea jirani shukrani, nikaenda kumchukua binti yangu. Nilimkuta anachambua uyoga.

"Nimekuya kukamata mutoto yangu," nikasema.

Alicheka kidogo, akidhani ninatania. Alipoona sicheki, akaweka kisu chini.

"Mama, si ulinipa?"

"Nilikupa nini?"

"Mutoto. Ulinipa yeye na nyungu yake. Nilikuuliza, ukasema na nyungu yake." Akasimama. "Kwetu, mutoto anaenda kutembea na mikono mitupu. Akitoka na nyungu yake, ni wa nyumba ile anaingia. Njo maana nilikupigia magoti. Ulifikiri nilipiga magoti sababu ya nyungu?"

Nilisimama pale na kitenge changu mkononi. Niliyakumbuka yale machozi. Kwa miezi yote hiyo mimi nilikuwa nimemkopesha mtoto, na yeye alikuwa amepewa. Binti yangu alikuwa ameshika sketi yake, ananitazama kwa adabu, kama mgeni aliyekuja na habari ndefu. Nikamshika mkono nimvute. Akapiga kelele, akajificha nyuma ya miguu ya yule mwanamke, na mimi nikatamani ardhi ipasuke, immeze yeye, yule mwanamke, na uyoga wake wote.

Waume zetu hawakutaka vita. Walikuwa wanateremka mgodini pamoja, na watu wanaoteremka pamoja hawapendi kununiana. Wakaenda kwa kapita, msimamizi mzee aliyekaa mwanzo wa mstari wetu, ambaye hakuwa wa Kasai wala wa kaskazini. Tukakaa uwanjani kwake. Nilieleza desturi yetu, jirani akaeleza ya kwao, nami nikasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyotakiwa. Kapita alisikiliza huku akijikuna goti.

"Mi siyue ya Kasai, siyue ya kwabo," akasema mwishoni. "Mi najua tumbo. Kila mama atapika. Mangaribi mutoto atakula pale anapenda. Mvua ikikatika, siku ile ya posho, tutaangalia. Pale atakula mangaribi ile, njo nyumba yake. Kisha, sitaki kusikia tena."

Hiyo ndiyo iliyoitwa hukumu. Mtu mzima aliamua mwanangu atafutwe kwa kijiko. Nilirudi nyumbani nimekasirika, lakini ndani ya hasira kulikuwa na furaha chafu. Mimi nilikuwa nimesomea mapishi foyaa. Yeye alikuwa na majani.

Basi ikaanza vita ya sahani. Kila jioni mimi nilitandika mkeka mbele ya jiko langu, yeye akatandika wake mbele ya lake, na mtoto akasimama katikati. Alilala kwa jirani, kwa kuwa alishazoea kulala huko, lakini nilidai haki ya kumwogesha asubuhi, na hiyo nikapewa. Nilianza kwa silaha nzito. Nilifungua kopo la dagaa wa mafuta. Nikapika viazi vya Kizungu, nikavisaga na maziwa ya kopo. Nikapika nyama ya posho yote kwa siku moja. Nikamwita kwa sauti ya asali. Akaja, akachukua dagaa mmoja, akamtazama macho, akala nusu, akaenda upande wa pili na nusu nyingine mkononi. Nikasikia yule mwanamke anamwambia, "Rudi kwa mama yako, sema aksanti." Akaja akasema aksanti. Nilitamani kuvunja kitu.

Mume wangu alipoona posho imeisha katikati ya wiki alinigombeza. Tukala bukari na chumvi, mimi na yeye, tunatazamana.

Hapo ndipo nilipoanza kuiba. Sikuiba vitu, niliiba kwa macho. Nilikuwa nasimama kwenye uwazi wa ua na mtoto mchanga mgongoni, nahesabu anachofanya: anachuma saa ngapi, anakata vipi, anaweka maji kiasi gani. Nikapanda lengalenga kwenye uwanja wangu mzuri niliokuwa naufagia. Nikapika kama yeye. Ikatoka chungu na nyeusi. Nikaongeza mawese kuifunika, ikawa chungu yenye mafuta. Mwanangu alionja, akaniuliza kwa upole, "Iliungua?" Nikajua kwamba ninaweza kumwiga yule mwanamke mpaka mwisho wa dunia na nitakuwa nyuma yake hatua moja, na mtoto ataonja hiyo hatua.

Jioni moja, kwa uchovu zaidi kuliko kwa akili, sikupika cha foyaa wala cha jirani. Kulikuwa na muhogo karibu na reli ulioachwa na mtu. Nilichuma sombe, yale majani yake machanga, nikayatwanga kwenye kinu nilichoazima, nikayachemsha muda mrefu kama mama yangu, na karanga, bila mafuta, bila samaki. Nikachanganya unga wa mahindi yasiyokobolewa na unga wa muhogo, kama kwetu, bukari ile inayonyooka mkononi na kushika mchuzi. Nilikuwa sijala chakula hicho tangu niteremke kwenye treni, kwa sababu niliona ni cha kijijini. Tonge la kwanza nililia. Mtoto akaja kutazama kwa nini ninalia. Akachovya kidole. Akakaa.

Alikula matonge matatu, kisha akaenda kwa mwenzangu kama kawaida. Lakini matatu! Msinione mjinga kwa kufurahi. Tangu siku hiyo nilipika kwa msimu wangu mwenyewe: mahindi mabichi niliyoyapondaponda na kuyafunga kwenye maganda yake, kunde changa na maganda yake, maboga ya kuchemsha ambayo tulikula mimi na mume wangu na hata akaacha kuuliza nyama iko wapi. Posho ikaanza kubaki. Mtoto akaanza kuja kwangu kwanza, kisha kwake. Siku nyingine alikwenda kwake kwanza, kisha akaja kwangu. Mimi nilihesabu. Jirani pia, nilimwona, alihesabu. Kila mmoja alisema "kula, mama, ongeza," kwa sauti tamu, na jicho kwenye mkeka wa mwenzake.

Kuelekea mwisho wa mvua mtoto akaanza tabia ya kujificha wakati wa chakula. Tulikuwa tunamkuta nyuma ya pipa, au chini ya kitanda, amekaa kimya. Nilijua ni nani aliyemfundisha. Nilisema yule mwanamke amemtia woga ili asije kwangu, na nikamwambia hivyo mume wangu, na mke wa kapita, na yeyote aliyesimama bombani kwa muda wa kunisikiliza.

Siku ya mwisho ikafika. Nilipika sombe na karanga, nikapika na maharage mapya, nikasonga bukari yangu. Kapita alikuja akakaa kwenye kigoda kati ya nyumba mbili, na waume zetu nyuma yake, wote wanajifanya wanazungumza kuhusu baiskeli. Mtoto alitoka. Akatazama upande wa kule, kwenye mkeka wenye sahani iliyofunikwa. Akatazama kwangu. Akaja moja kwa moja, akakaa mbele ya sahani yangu, akala. Alikula mpaka akalamba vidole, akaomba tena, akala tena, akalala hapo hapo kichwa chake mapajani mwangu. Kapita alisimama, akapangusa suruali yake, akasema, "Imekwisha." Nikambeba mwanangu ndani. Nilikuwa nimeshinda. Nilikaa kitandani nimemshika mpaka mikono ikafa ganzi, na nilifurahi kwa ubaya, kama mtu aliyemwangusha mwenzake mbele za watu.

Asubuhi nilikwenda bombani mapema ili nisikose mtu. Nikawasimulia jinsi alivyokuja moja kwa moja, jinsi alivyoomba tena, kwamba sombe ya Kasai si mchezo. Walinisikiliza wakitazama ndoo zao. Mwishowe mke wa kapita akasema, kama mtu anayetoa mwiba, "Mama, jana kwa mwenzako moshi haikutoka."

"Haikutoka namna gani?"

"Hakupika. Hakuwasha moto tangu saa sita. Bwana yake alikuja kula kwetu."

Niliacha ndoo inajaa na kumwagika. Nilikwenda moja kwa moja, na nilikwenda kugombana, sitaki mtu anisafishe. Alikuwa anafagia jiko lake, majivu ni ya baridi. Mwanangu alikuwa amenifuata nyuma bila mimi kujua, na kigauni chake.

"Juu ya nini haukupika?" nikamwambia.

"Nilichoka."

"Ulichoka na nini? Unapikaka kila siku ya Mungu! Ulitaka bantu baseme nilishinda bure?"

Aliendelea kufagia. Kisha akaegemeza ufagio ukutani, akamtazama mtoto na si mimi.

"Mufungule nguo," akasema. "Angalia shanga."

Sisi sote, wa Kasai na wa kaskazini, tulifunga watoto wetu uzi wa shanga kiunoni. Mtoto akinona, uzi unabana, unaufungua na kuufunga upya. Akikonda, uzi unateremka. Hakuna mama asiyejua kusoma uzi huo. Nilipiga goti nikafunua kigauni. Uzi ulikuwa umelala chini kabisa kwenye nyonga, unaning'inia, ungeweza kuuvusha mpaka miguuni bila kuufungua.

"Anakula kidogo kwako, kidogo kwangu," akasema. "Akikula huku anaogopa we utakasirika, akikula kule anaogopa mi nitalia. Mwisho anaogopa chakula. Nikaona nyungu moja ilale." Akachukua ufagio wake. "Yangu njo ilale. We uko mama yake."

Alisema hivyo na akaendelea na kazi. Hakulia mbele yangu, na hata hilo lilinichoma.

Nilimbeba mwanangu nikarudi naye nyumbani. Alikula kwangu tangu siku hiyo, akanona tena, akaniita mama, na aliolewa akijua kutwanga sombe kama bibi yake. Watu wanataka niseme kwamba nilimshukuru yule mwanamke. Nilimpelekea kile kitenge, ndiyo, na tukasalimiana vizuri mpaka walipohamishwa Tenke. Lakini mimi ndiye niliyemwogesha yule mtoto kila asubuhi. Sabuni ilipita mikononi mwangu, na kiuno kile, na shanga zile, siku baada ya siku, na sikuona kitu, kwa sababu nilikuwa nawaza sahani. Yeye aliona, kutoka upande wa pili wa ua. Hilo sijamsamehe mpaka leo.